Nyumba za kale za Saffron Walden: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saffron Walden ni mji wa soko kaskazini-magharibi mwa Essex, Uingereza, kama kilomita 24 kusini mwa Cambridge. Mitaa yake ya kale, kama Castle Street, Bridge Street na Church Street, ina safu za nyumba zenye fremu ya mwaloni. Nyingi zimo kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria, na sheria inazilinda. Majibu haya ni ya anayetaka kununua au kupanga, ya fundi aliyeitwa kukarabati, na ya yeyote anayetaka kujua zimejengwaje.

Kwa nini mji umejengwa kwa miti, si kwa mawe?

Kwa sababu chini ya ardhi hapa kuna chaki na gumegume, na hakuna jiwe zuri la kujengea. Gumegume inafaa kwa misingi na kuta za kanisa, lakini haichongeki kuwa pembe wala fremu ya dirisha. Mwaloni ulipatikana jirani, na udongo wa mfinyanzi ulikuwa wa kuchimba tu. Pesa zilitokana na sufu, na baadaye na zafarani iliyolimwa hapa katika karne ya 16 na 17 hadi ikaupa mji jina lake. Mji wenye pesa na usio na mawe hujenga kwa seremala.

Fremu imeungwaje?

Chini kabisa kuna boriti ya msingi, imelazwa juu ya ukuta mfupi wa matofali au gumegume ili isiguse ardhi. Juu yake husimama nguzo kubwa, na kati ya nguzo kuna miti myembamba ya wima. Nguzo hubeba boriti ya juu ya ukuta, na mtambaapanya huzishika kuta mbili zinazotazamana zisisukumwe nje na uzito wa paa. Ukiondoa mtambaapanya mmoja ili upate nafasi ya kupita chumba cha juu, na kuna waliofanya hivyo, kuta huanza kufunguka taratibu na paa hukaa chini.

Viungo ni vya ulimi na tundu. Ulimi wa mti mmoja huingia kwenye tundu la mwingine, kisha hupigiliwa msumari wa mti wa mwaloni mkavu. Tundu la msumari kwenye ulimi huchimbwa milimita 2 hadi 4 nje ya mstari wa matundu ya pembeni, kwa makusudi, ili msumari ukipita uvute kiungo kikabane. Ndiyo maana ukiuchomoa msumari wa zamani utauona umepinda.

Fremu ilichongwa na kuunganishwa kwanza uwanjani, ikafumuliwa, ikapelekwa mahali pake na kusimamishwa. Ili asichanganye miti, seremala alichora namba za Kirumi kwenye kila kiungo. Tafuta I, II, III, IIII karibu na viungo, kwa tochi iliyolazwa upande. Nne huandikwa IIII, si IV, kwa sababu mti ukigeuzwa juu chini IV na VI haziwezi kutofautishwa. Alama hizi zisipigwe msasa. Zinaeleza ukuta upi ulisimama na upi, na mara nyingi namba inayokosekana huonyesha kipande kilichobomolewa zamani.

Boriti zina nyufa na sakafu imeinama. Nyumba itaanguka?

Mara nyingi, hapana. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi kwa sababu ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Unapokauka husinyaa kwa upana, wakati urefu haubadiliki karibu kabisa, kwa hiyo nyufa ndefu zinazofuata nyuzi za mti ni za kawaida na hazipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha. Nyumba iliinama miaka yake ya mwanzo na ikatulia hapo.

Cha kutazama ni mwendo mpya. Ufa mweupe kwenye plasta ambao hauna vumbi wala rangi ndani yake, mlango uliokuwa ukifunga mwaka jana na sasa haufungi, ulimi uliochomoka kwenye tundu na kuonyesha mbao safi isiyo na masizi: hizo ni dalili za leo. Weka alama za penseli pande mbili za ufa, andika tarehe, pima kwa miezi 12 ili majira yote yapite. Mkaguzi anayetaka kuweka chuma siku ya kwanza bila kupima hajaielewa nyumba.

Kati ya nguzo kumejazwa nini?

Fito na udongo. Msomaji aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika, iwe Kilifi, Tanga au Bagamoyo, ataujua ukuta huu mara moja. Vijiti vya mwaloni uliopasuliwa huingizwa juu kwenye matundu na chini kwenye mfereji uliochongwa kwenye mti wa ulalo. Kwenye vijiti hivyo husukwa au kufungwa fito za heizeli, mti mdogo wenye matawi yanayopindika. Kisha watu wawili husimama, mmoja ndani na mmoja nje, na kutupia udongo kwa pamoja ili uumane katikati ya fito. Udongo wenyewe ni mfinyanzi, chaki iliyopondwa, mabua yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Juu yake hupita plasta ya chokaa yenye nywele za ng'ombe.

Kipande kikidondoka, usiutupe udongo wake. Uponde, uloweke usiku kucha, ongeza mabua mapya kwa sababu ya zamani yameoza, kisha uurudishe. Utashika vizuri kuliko mchanganyiko wowote wa dukani na utalingana na ukuta uliobaki. Kabla ya kukandika, lowesha ukingo wa zamani. Ukiukandika juu ya kitu kikavu, maji hunyonywa haraka, udongo mpya husinyaa na kuacha mwanya pembeni kote. Mwanya mdogo utatokea hata ukifanya vizuri; ujaze kwa chokaa baada ya wiki chache, udongo ukishakauka.

Kwa nini mnapinga saruji?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa sababu nyumba nyingi zilizoharibika mjini humu hazikuharibiwa na umri. Zilipigwa plasta ya saruji katika karne ya 20 na watu waliodhani wanaziimarisha.

Fremu ya mwaloni husogea kila msimu: hunenepa kidogo majira ya baridi, hukonda kiangazi. Chokaa na udongo hufuata. Saruji ni ngumu, haifuati, hivyo hupata nyufa nyembamba kama unywele pale inapokutana na mti. Mvua inayosukumwa na upepo hunyonywa na nyufa hizo. Ikiwa ndani, haitoki, maana saruji haipitishi mvuke kwa kiasi cha kutosha. Maji hushuka nyuma ya plasta hadi kwenye boriti ya msingi na kukaa hapo. Mti ukishapita unyevu wa asilimia 20 hivi, kuvu huanza kuula. Nje ukuta unaonekana mzima na mweupe. Ndani boriti imekuwa unga unaochoteka kwa kijiko. Wenye nyumba hugundua siku sakafu inapozama pembeni.

Wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu wanaijua hadithi hii kwa upande wa mawe ya matumbawe: ukuta uliojengwa kwa chokaa ukifunikwa kwa saruji hushika unyevu na chumvi, na lipu huanguka vipande vipande ikiwa imeshikana na uso wa ukuta wenyewe.

Rangi za plastiki za nje hufanya madhara yaleyale kwa kasi ndogo zaidi. Dawa za kuzuia unyevu zinazochomwa kwenye ukuta kwa sindano hazina kazi hapa, kwa sababu hakuna ukuta mzito wa kuzishika. Na ile mashine ya mkononi ya kupima unyevu hudanganywa na chumvi za plasta ya zamani. Isikuuzie matibabu usiyohitaji.

Ninaiondoaje saruji iliyopo?

Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama patupu, plasta imeachana na ukuta na itatoka kwa patasi na nyundo ndogo. Usitumie mashine ya kubomolea, maana mtikisiko huangusha udongo wa ndani. Mara nyingi utakuta wavu wa chuma umepigiliwa kwenye nguzo. Kata misumari mmoja mmoja, usiung'oe wavu kwa nguvu. Penye saruji iliyoshika udongo kabisa, acha kipande hicho kwa sasa, rekebisha mifereji ya paa, na uchunguze tena baada ya mwaka. Omba kibali kabla ya kuanza, tutafika huko.

Boriti ya msingi ikionekana, ichome kwa bisibisi kila sentimita 20. Inapoingia kwa urahisi, palipooza hukatwa hadi kwenye mti mzima na kipande kipya cha mwaloni huungwa kwa kiungo kirefu cha mshazari. Nguzo hushikiliwa kwa jeki na kuinuliwa kiasi cha kuondoa uzito tu. Anayejaribu kuinyoosha nyumba iliyoinama miaka 400 atavunja viungo vya juu na plasta yote. Nje, shusha udongo wa bustani uwe angalau milimita 150 chini ya boriti, la sivyo kazi itarudiwa.

Plasta ya chokaa inachanganywaje?

Sehemu 1 ya chokaa laini iliyozimwa na kulala majini angalau miezi 3, kwa sehemu 3 za mchanga mkali wenye punje za ukubwa tofauti. Mchanga laini mtupu hupasuka. Nywele za ng'ombe au mbuzi ziongezwe siku ya kutumia, kwa sababu chokaa huzila zikikaa ndani yake kwa wiki. Inua mchanganyiko kwa mwiko: nywele zining'inie pande zote za ukingo, zisiwe mafungu.

Piga tabaka 3, mbili za kwanza za milimita 8 hadi 10, ya mwisho nyembamba zaidi. Kila tabaka ikwaruzwe, na isubiriwe hadi ukucha usiweze kuacha alama kwa urahisi. Chokaa haikauki tu. Inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na inahitaji unyevu kufanya hivyo. Kwa hiyo ning'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, na nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Fanya kazi ya nje kati ya Aprili na Septemba. Barafu ikipiga chokaa changa hubomoka kama biskuti.

Vaa miwani na glovu. Chokaa mbichi ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Na kupaka chokaa kama rangi?

Iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka kwa brashi nene, acha saa 24, rudia. Mara 4 au 5 nyembamba hushinda mara 2 nzito, ambazo zitachuja na kudondoka kwa maganda. Ikiwa mbichi haionekani kufunika kitu. Inakuwa nyeupe kadiri inavyokauka, na rangi ya udongo iliyochanganywa humo hupauka sana, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande. Usipake kwenye jua kali wala chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Haishiki juu ya rangi ya plastiki.

Yale mapambo yaliyochomoza ukutani ni nini?

Ni plasta ya chokaa iliyochorwa au kufinyangwa ikiwa mbichi, ufundi wa Essex, Suffolk na Hertfordshire hasa. Mengi ni ya kawaida: miraba yenye mistari ya kitana, mafundo, mawimbi. Ya kifahari yako Old Sun Inn, kona ya Church Street, jengo la karne ya 14 lenye mapambo yaliyoandikwa mwaka 1676, yakiwamo maumbo mawili makubwa ya watu, mmoja akisemekana kuwa Tom Hickathrift, shujaa wa hadithi za kale, na mwingine lile jitu la Wisbech. Ukiwa na mapambo ya aina hii ukutani kwako, yapigwe picha na kupimwa kabla ya jukwaa kusimamishwa. Tabaka za chokaa zilizojaa kwenye michoro huondolewa kwa zana ndogo za mbao na subira, si kwa maji ya shinikizo.

Je, nibandue plasta ili mbao zionekane?

Tunakusihi usifanye hivyo. Fremu nyingi hapa zilifunikwa karne ya 17 au 18, na nyingine zilijengwa zifunikwe tangu mwanzo. Fremu ya kuonyeshwa ina miti iliyonyooka, iliyopangwa karibu karibu, yenye nyuso zilizorandwa. Ya kufunikwa ina miti iliyopinda, yenye maganda pembeni, na matundu madogo ya misumari ya vibao vya plasta yaliyotapakaa juu yake. Kuivua ya pili ni kuivua koti lake la mvua. Wala usizipake mbao rangi nyeusi. Desturi ya eneo hili ni kuziacha ziwe kijivu au kuzipitisha chokaa pamoja na ukuta.

Nyumba yangu ina uso wa matofali. Bado ni ya fremu?

Huenda. Katika karne ya 18 wengi walijenga ngozi ya tofali moja mbele ya fremu ili kufuata mtindo. Pita upande au uani: paa kali sana, ukuta wa pembeni wa plasta, dari za chini na boriti nene vinasema ukweli.

Kombamoyo za paa zimefunikwa na masizi mazito. Nizisafishe?

Hapana kabisa. Masizi hayo ni ushahidi kwamba nyumba ilianza na ukumbi mmoja ulio wazi hadi kwenye paa, moto ukiwaka katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia. Dohani za matofali na sakafu za ghorofa ziliingizwa baadaye, hasa karne ya 16. Wataalamu huweza kutenganisha awamu za ujenzi kwa kuangalia masizi yanaishia wapi.

Paa ni la nini?

Mjini vigae vya udongo ndivyo vingi. Sheria ya mwaka 1477, enzi ya Edward IV, iliweka kipimo cha inchi 10½ kwa 6¼, na cha leo, milimita 265 kwa 165, hakijaenda mbali. Kila kigae kina matundu mawili na huning'inia kwa vijiti vya mwaloni. Vinahitajika kama 60 kwa mita ya mraba. Kinachoharibika kwanza ni vijiti na papi zilizo chini yake, kwa hiyo ukiezua, panga vizima upande na utumie tena. Vipya viende upande usioonekana.

Ezeko la mabua utaliona zaidi vijijini, kama Wendens Ambo. Mteremko wake ni nyuzi 45 hadi 50, maji yakimbie. Mabua marefu ya ngano hudumu miaka 15 hadi 25, matete ya majini zaidi ya hapo, na kilele hufanywa upya kila miaka 10 hadi 15. Hatari kubwa ni majiko ya kuni: dohani iinuke angalau mita 1.8 juu ya ezeko na isafishwe mara mbili kwa mwaka.

Madirisha yanavuja baridi. Naweza kuweka ya vioo viwili?

Kwa kawaida halmashauri itakataa, kwa sababu fremu ya zamani na kioo chake chenye mawimbi ni sehemu ya kilichoorodheshwa. Kioo cha pili kwa ndani, kinachoweza kuondolewa, hukubaliwa mara nyingi na hupunguza pia kelele. Anza na mipira ya kuziba mianya na mapazia mazito. Kwenye dari weka sufu au nyuzi za mbao, kamwe si povu la kupuliza, ambalo hufungia unyevu kwenye kombamoyo na kuzificha zisikaguliwe.

Madaraja ya orodha yana maana gani?

Orodha ya England hutunzwa na Historic England. Daraja la I ni kama asilimia 2.5 ya majengo, la II* asilimia 5.8, na yaliyobaki, asilimia 91.7, ni II. Wengi hudhani daraja la II hulinda uso wa mbele pekee. Si kweli. Kila daraja hulinda jengo zima, ndani na nje, na kwa kawaida pia vibanda na kuta za uani zilizokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948.

Kazi ipi inahitaji kibali?

Yoyote inayogusa tabia ya jengo: kubomoa kizuizi cha ndani, kubadili dirisha, kubandua plasta, kubadili aina ya ezeko. Kurekebisha kidogo kwa vifaa vilevile na njia ileile kwa kawaida hakuhitaji, lakini muulize ofisa wa uhifadhi wa halmashauri ya wilaya ya Uttlesford na upate jibu kwa maandishi. Maombi hayana ada, na uamuzi hulengwa kutoka ndani ya wiki 8. Ambatisha picha, michoro ya kilichopo na kinachokusudiwa, pamoja na maelezo ya mchanganyiko wa chokaa na aina za viungo. Maombi mengi hukwama kwa kuandika "ukarabati wa ukuta" bila kusema ukuta upi, kwa vifaa gani, na kwa sababu gani.

Kufanya kazi bila kibali ni jinai chini ya sheria ya mwaka 1990: faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miaka 2.

Nikinunua nyumba ambayo mwenye wa zamani aliibadilisha bila kibali?

Hutashtakiwa kwa kosa lake, lakini halmashauri inaweza kukuamuru wewe uirudishe ilivyokuwa, na hakuna muda wa kikomo. Mwanasheria wako alinganishe vibali vilivyotolewa na hali halisi ya nyumba kabla ya kusaini. Kumbuka pia kodi ya VAT: tangu Oktoba 2012 mabadiliko yaliyoidhinishwa hutozwa asilimia 20 kama ukarabati wa kawaida.

Kuna matundu ya wadudu kwenye mwaloni. Nipulize dawa?

Pima tundu. La milimita 3 hivi ni la Xestobium rufovillosum, mdudu mla mbao anayependa mwaloni uliolowa na kuanza kuoza. Dume na jike hupeana ishara kwa kugonga mbao kwa vichwa majira ya kuchipua, na usiku wa kimya utawasikia. La milimita 1.5 hadi 2 ni la fukusi wa kawaida wa samani. Matundu mengi ni ya karne zilizopita. Unga mpya wa rangi ya krimu chini ya boriti ndio dalili ya uhai. Tiba ni kutafuta maji yanaingilia wapi. Mti ukikauka, mdudu hukosa makazi, na dawa ya kupuliza haifiki kina anachoishi.

Na popo?

Wanalindwa na sheria, pamoja na mahali wanapolala hata wakiwa hawapo. Kabla ya kuezua, mtaalamu aangalie darini kama kuna kinyesi chao, kinachovunjika kuwa unga kikisagwa kwa vidole vyenye glovu, wakati cha panya ni kigumu. Wakithibitika, leseni huombwa kwa Natural England, shirika la serikali la mazingira. Uchunguzi wa jioni hufanyika Mei hadi Septemba tu, kwa hiyo ukiuagiza Oktoba paa lako litasubiri hadi mwaka unaofuata.